Daftari la Hali ya Moyo

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu msemo huu husikika dukani, mtu anapouliza fedha zake zimekwenda wapi. Lakini moyo wa mwanadamu nao ni mali, na wako watu ambao kazi yao, jamaa zao, na pengine uhai wao, vimetegemea daftari ambalo kila jioni huandika humo jinsi mioyo yao ilivyoshinda mchana kutwa. Watu hao ni wagonjwa wa maradhi ya akili yaitwayo bipola. Katika insha hii, msomaji, nataka tuifuate historia ya daftari hilo. Utaona kuwa swali moja limeiandama tangu mwanzo: kalamu ya kuandika habari za ugonjwa yapasa ishikwe na nani, tabibu au mgonjwa mwenyewe?

Kwanza yafaa tuyafahamu maradhi yenyewe. Kila mtu hufurahi na kuhuzunika, wala hayo si maradhi. Ukifaulu mtihani utaruka kwa furaha, ukifiwa utalia, na baada ya muda moyo utarudi mahali pake. Mgonjwa wa bipola hupatwa na vipindi viwili vilivyo kinyume. Katika kipindi cha kupanda, ambacho matabibu hukiita mania, aweza kulala kwa muda wa saa mbili au tatu tu usiku na asione uchovu. Maneno humtoka kama mto uliofurika. Hujiona tajiri, mwenye vipawa, asiyeshindwa na neno lolote. Hutumia fedha asizonazo, hugombana na wakubwa wake, huanza shughuli kumi na asimalize hata moja. Hali hiyo hudumu juma zima au zaidi. Kisha huweza kuja kipindi cha kushuka, nacho hudumu majuma mawili, au miezi. Chakula hakina ladha, kuondoka kitandani ni kazi kubwa, mtu hujilaumu kwa makosa asiyoyatenda, na wengine hufikia kutaka kujiua. Baina ya vipindi hivyo mgonjwa aweza kuwa mzima kama wewe na mimi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na maradhi haya. Mara nyingi huanza katika ujana, tangu miaka ya mwisho ya shule hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo usidhani kwamba habari hizi ni za watu wengine, wa mbali nawe.

Vipindi hivi vilijulikana zamani sana. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu aliyeandika kwa Kiyunani yapata miaka 1,900 iliyopita, alieleza kwamba huzuni kuu na wazimu wa furaha huweza kumpata mtu yule yule. Hata hivyo, kwa karne nyingi matabibu wengi waliyahesabu mambo hayo kuwa maradhi mawili mbalimbali. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Tabibu humwona mgonjwa siku anayoletwa. Akiletwa anapiga kelele, huandikwa kuwa ana wazimu. Akiletwa mwaka ufuatao amenyamaza, ameinama, huandikwa jina jingine. Anayetazama siku moja huona siku moja. Ili kuiona duara nzima ni lazima mtu atazame miaka.

Mwaka 1854 matabibu wawili wa Paris, Jules Baillarger na Jean-Pierre Falret, walitangaza kwamba ugonjwa huo ni mmoja wenye nyuso mbili. Mmoja aliuita wazimu wa sura mbili, mwingine wazimu wa mzunguko, nao wakashindana hadharani juu ya nani aliyetangulia kuugundua. Ushindani wao haufai kutushughulisha. La maana ni kwamba wote wawili walikuwa wamekaa na wagonjwa hospitalini kwa muda mrefu, wakawaona wakipanda, wakishuka na kupanda tena.

Katika miaka hiyo hiyo kulitokea badiliko jingine katika utabibu. Mwaka 1868 Carl Wunderlich, tabibu wa Leipzig katika Ujerumani, alitoa kitabu juu ya joto la mwili katika maradhi. Yeye na wasaidizi wake walikuwa wamewapima wagonjwa maelfu kwa kipimajoto, wakiandika joto la kila siku katika karatasi yenye mistari. Mstari ukipanda, homa imepanda. Ukishuka, homa imeshuka. Karatasi hiyo ilipata kutundikwa penye vitanda vya wagonjwa katika nchi nyingi. Basi fikiri: homa ina kipimajoto, lakini moyo una nini? Hakuna kioo chenye zebaki kiwezacho kutiwa kwapani kikaonyesha huzuni. Wale waliotaka kuuchora ugonjwa wa moyo walilazimika kutafuta njia nyingine.

Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote katika jambo hili ni Emil Kraepelin, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1856. Alipokuwa mkuu wa hospitali ya magonjwa ya akili huko Heidelberg, alimwandikia kila mgonjwa kadi yenye muhtasari wa habari zake: alivyoingia, alivyokuwa, alivyotoka, na yaliyompata baadaye. Kadi hizo alizipanga na kuzipangua, akilinganisha mwanzo wa ugonjwa na mwisho wake. Kwa njia hiyo, mwaka 1899, katika chapa ya sita ya kitabu chake, aliunganisha vipindi vya kupanda na vya kushuka kuwa ugonjwa mmoja. Baadaye alichora maisha ya wagonjwa wake katika majedwali ya rangi: nyekundu kwa siku za kupanda, samawati kwa siku za kushuka. Mwenye kutazama jedwali kama hilo huona kwa mara moja jambo ambalo kurasa mia za maneno haziwezi kumwonyesha.

Lakini tazama tena, msomaji, uulize ni nani aliyetia rangi zile. Ni tabibu. Mgonjwa alilala kitandani akitazamwa, wala hakuulizwa kuchora hata mstari mmoja. Katika siku zile watu wengi waliamini kwamba neno la mtu mwenye ugonjwa wa akili halina uzito. Imani hiyo haijafa hata leo.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa huko Marekani. Adolf Meyer, tabibu aliyezaliwa Uswisi na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, alieleza mwaka 1919 namna ya kuchora chati ya maisha ya mgonjwa. Ndani yake hakuandika ugonjwa peke yake. Kando ya miaka aliweka kuzaliwa kwa mtu, shule aliyosoma, kazi aliyoipata na aliyoipoteza, ndoa, misiba na maradhi ya mwili. Kwa maoni ya Meyer ugonjwa wa akili haufahamiki ukitengwa na maisha ya mwenyewe. Na habari hizo za maisha hazipatikani kwa kumtazama mtu tu. Hapana budi kumwuliza. Hivyo mgonjwa alianza kuwa shahidi, ijapokuwa kalamu ilibaki mkononi mwa tabibu.

Hata hapo chati ilikuwa kama ramani ya njia iliyokwisha kupitwa. Ilionyesha msafiri ametoka wapi, wala haikumsaidia kuchagua njia, kwa kuwa hapakuwa na dawa ya kuzuia vipindi hivyo. Dawa ilitoka mahali pasipotazamiwa. John Cade alikuwa tabibu wa Australia, aliyekuwa mateka wa Wajapani katika Changi, Singapore, wakati wa vita vikuu vya pili. Baada ya vita alifanya majaribio katika hospitali moja karibu na Melbourne. Aliona kwamba chumvi ya lithiamu iliwatuliza wanyama wadogo wa maabara. Akaimeza yeye mwenyewe ili ajue kama ina madhara; kisha, tangu mwaka 1948, akawapa wagonjwa. Mwaka 1949 aliandika juu ya wagonjwa kumi wa mania waliopata nafuu. Wa kwanza wao alikuwa na umri wa miaka 51, naye alikuwa amekaa katika hali ya mania kwa miaka mitano. Alipata nafuu hata akarudi nyumbani na kazini. Kisha akaacha kumeza dawa, na kabla mwaka haujaisha alirudishwa hospitalini. Mwaka 1950 alikufa, kwa sababu lithiamu ilizidi mwilini mwake na kuwa sumu.

Habari ya mtu huyo ina mafunzo mawili. La kwanza, dawa hii ni rafiki mwenye makali pande mbili: ikipungua haifai, ikizidi hudhuru. Kwa hiyo leo mgonjwa anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, na huonywa kunywa maji ya kutosha wakati wa joto kali, wa kuhara au wa kutapika. La pili, mgonjwa akiwa nyumbani ni yeye mwenyewe anayeilinda afya yake siku kwa siku. Tabibu hayuko pale.

Mtu aliyethibitisha kwamba lithiamu huzuia ugonjwa usirudi ni Mogens Schou wa Denmark. Jambo hili lilimgusa moyoni, kwa kuwa ndugu yake mwenyewe alikuwa akirudiwa na huzuni kuu mwaka baada ya mwaka, hata dawa hii ikamsaidia. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Poul Christian Baastrup walitoa habari za wanawake 88 waliofuatwa kwa miaka. Kwa kila mmoja walichora mstari wa muda, na juu yake alama za vipindi vya ugonjwa. Kabla ya lithiamu alama zilisongamana. Baada yake zilikuwa chache, na kwa wengi zikatoweka. Wako matabibu wa Uingereza waliobisha. Schou na wenzake wakajibu kwa jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 1970. Wagonjwa 84 waliokuwa wakitumia lithiamu waligawanywa, wengine wakaendelea na dawa, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani, pasipo wao wala matabibu kujua nani amepata nini. Kati ya watu 39 waliopewa vidonge vitupu, 21 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya 45 walioendelea na lithiamu hakurudiwa hata mmoja.

Tangu hapo kuandika habari za ugonjwa kulipata kazi mpya. Maadamu kulikuwa na dawa ya kuzuia, kujua mapema kulikuwa na faida. Kulikuwa bado na haja ya kipimo ambacho mtu wa kawaida angeweza kukitumia nyumbani. Mwaka 1969 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Aitken aliandika juu ya njia rahisi mno: mstari wenye urefu wa milimita 100. Mwisho mmoja huwekwa hali mbaya kabisa, mwisho wa pili hali iliyo kinyume chake, na mgonjwa hutia alama mahali anapojiona yuko. Kisha hupimwa kwa rula. Kwa njia hiyo hisia ambayo haina kipimajoto hupewa tarakimu.

Katika miaka ya 1980, Robert Post na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walizirudia chati za Kraepelin na Meyer, wakazitengeneza upya. Chati yao ina mstari wa katikati ulio hali ya utulivu. Kupanda huchorwa juu ya mstari, kushuka huchorwa chini yake. Baadaye Post na Gabriele Leverich walitayarisha karatasi ya kujazwa kila siku, na mwenye kuijaza ni mgonjwa. Huandika hali ya moyo kwa tarakimu tangu 0 hadi 100, ambapo 50 ni utulivu. Huandika pia muda aliolala, dawa alizomeza, na jambo kubwa lililompata siku hiyo. Hivyo, takriban miaka mia moja baada ya kadi za Kraepelin, kalamu ilifika mkononi mwa mwenye ugonjwa.

Hapa najua utauliza swali, nalo ni swali la haki. Ikiwa akili ndiyo inayougua, itawezaje kujipima? Mtu aliyepanda hujiona mzima kuliko wakati wowote. Na aliyeshuka huapa kwamba hajapata kuwa na furaha tangu azaliwe. Je, si sawa na kupima kitambaa kwa rula inayorefuka na kufupika?

Waliotengeneza chati hizi walilifahamu swali hilo, na majibu yao yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, mgonjwa huandika siku ile ile, kwa maana kumbukumbu hupakwa rangi na hali ya leo. Pili, uzito wa kipindi hupimwa kwa matendo zaidi kuliko kwa maneno: je, alikwenda kazini? Alizimaliza kazi zake? Ilibidi wengine wamsaidie? Tatu, huandika usingizi, na muda wa usingizi haudanganyiki kwa urahisi. Nne, mtu wa nyumbani anayeaminiwa aweza kusoma daftari na kusema neno lake.

Chukua mfano wa kubuni. Mwalimu mmoja ameandika Jumatatu: usingizi saa 7, moyo 50. Jumanne: saa 6, moyo 55. Jumatano: saa 5, moyo 62, amenunua viatu jozi tatu. Alhamisi: saa 4, moyo 70, ameanza kuandika vitabu viwili usiku. Ukimwuliza Alhamisi hiyo atakuambia kwamba yu mzima na dunia ni nzuri. Lakini daftari, lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, linasema kwamba usingizi umepungua siku tatu mfululizo. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwaka 1987 Thomas Wehr na wenzake, wa Taasisi ile ile ya Marekani, walieleza kwamba kupungua kwa usingizi kwaweza kuwa mlango wa kuingilia mania, hata kama jambo lililomkosesha mtu usingizi ni safari au msiba tu. Mwalimu wetu akienda kwa tabibu wake Ijumaa, huenda dawa ikabadilishwa kidogo na mambo yakatulia. Akingoja majuma mawili, huenda ukuta mzima ukajengwa mahali palipotaka kuzibwa ufa.

Je, jambo hili lilithibitishwa? Mwaka 1999 matabibu wa Manchester katika Uingereza walitangaza jaribio lililohusu wagonjwa 69. Nusu yao hivi walifundishwa, kwa vikao kati ya 7 na 12, kuzitambua dalili zao za mwanzo na kutafuta msaada upesi. Katika kundi ambalo halikufundishwa, robo ya wagonjwa walikuwa wamerudiwa na mania kufikia juma la 17. Katika kundi lililofundishwa, robo haikufika hadi juma la 65. Wengi wao pia walidumu kazini vizuri zaidi. Lakini katika vipindi vya kushuka mafunzo hayo hayakuleta tofauti. Huzuni huingia polepole, kama maji yanavyoingia katika mtumbwi uliotoboka tundu dogo.

Na huzuni ndiyo iliyo mzigo mkubwa. Mwaka 2002 Lewis Judd na wenzake wa Marekani walitoa hesabu za wagonjwa 146 waliofuatwa kwa wastani wa miaka karibu 13. Katika majuma yote yaliyohesabiwa, wagonjwa walikuwa na dalili kwa karibu nusu yake, na majuma ya huzuni yalizidi yale ya mania mara tatu na zaidi. Wengi waliowatazama kwa nje hawakuwa wamelijua jambo hilo, kwa kuwa mwenye mania husikika mtaa mzima, na mwenye huzuni hujifungia chumbani.

Katika karne hii ya ishirini na moja karatasi imefuatwa na tarakilishi, na tarakilishi imefuatwa na simu ya mkononi. Wengine walidhani kwamba sasa kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Huko Copenhagen wagonjwa 78 walifuatwa kwa miezi sita, wengine wakijipima kila siku kwa simu, wengine bila kufanya hivyo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba simu ilipunguza dalili; tena waliojipima walielekea kubaki na dalili za huzuni kwa muda mrefu zaidi. Yamkini mtu anayeulizwa kila siku kama ana huzuni huzidi kuitazama huzuni yake. Habari hii haivunji faida ya daftari, bali inatufundisha mpaka wake. Mizani haitibu homa, wala daftari halitibu bipola. Daftari hufaa pale linaposomwa na watu wawili, mgonjwa na tabibu wake, na pale ambapo kilichoandikwa hufuatwa na tendo.

Hapa Kenya hospitali ya Mathari, mjini Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910, na lithiamu imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Lakini kwa mgonjwa anayekaa mbali na mji, kumwona tabibu wa magonjwa ya akili ni safari. Atakapofika mbele yake atapata dakika chache tu za kueleza miezi mitatu. Mwenye kurasa tisini zilizoandikwa, kila ukurasa mistari mitatu, atazitumia dakika hizo vizuri kuliko anayejaribu kukumbuka. Daftari la shule latosha kwa kazi hiyo, nalo halihitaji umeme.

Sikuandika haya, msomaji, ili ukajipime kila usiku na kujitafutia jina la ugonjwa. Kuhuzunika juma la mitihani si bipola, na jina la ugonjwa hutolewa na tabibu. Lakini iwapo wewe au rafiki yako amekosa usingizi siku nyingi na bado anaruka kwa nguvu za ajabu, au amezama katika huzuni isiyoondoka, au anazungumza habari za kujiua, usinyamaze. Mwambie mzazi, mwalimu au mwuguzi siku hiyo hiyo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na ukimwona mtu anayeandika saa alizolala na vidonge alivyomeza, usimcheke. Ilichukua miaka mingi kabla watu hawajakubali kwamba mgonjwa wa akili aweza kuwa shahidi wa kuaminiwa katika habari za maisha yake mwenyewe, na kila jioni anapoandika anatoa ushahidi huo.